Jua la Kinshasa

Bibi Amisa, ambaye kila mtu alimwita Koko, alikuwa na ugonjwa wa sukari na ubishi, na watu wa nyumba yake hapo Kasongo hawakujua kipi kati ya hivyo viwili kingemmaliza kwanza. Kwa miaka kadhaa muuguzi Albertine, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amemkataza kufunga. Kila Ramadhani Koko alilisha maskini kwa kila siku aliyokula, kama dini inavyomruhusu mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, na kila Ramadhani alinuna mwezi mzima. Alisema kulisha watu ni jambo zuri, lakini tumbo lake mwenyewe lilikuwa limekaa bure, bila ibada.

Mwaka huu aliomba siku moja. Moja tu, ile ya ishirini na saba. Alisema hataki kufa akiwa mtu aliyefungiwa na sukari mpaka Mungu wake akamsahau sura. Albertine ni Mkatoliki, na Kwaresima yake huifunga bila kumwambia mtu, kwa hiyo ombi hilo lilimgusa kuliko alivyopenda kuonyesha.

"Siku moja, Koko," alisema. "Nitakupima asubui, nitakupima katikati ya siku, nitakupima tena mbele jua haijaanguka. Kama sukari inashuka, unakunywa ile maji nitakupa, na sitaki kelele."

"Kelele utasikia," Koko alijibu. "Lakini nitakunywa."

Siku hiyo aliipata, kisha ikaharibika, na aliyeiharibu ni mjukuu wake Iliasi, ambaye angekubali kukatwa kidole kuliko kumkosesha bibi yake kitu chochote.

Iliasi alikuwa amesomea kompyuta Kindu, akarudi Kasongo na kufungua kibanda karibu na soko. Alichaji simu za watu, alizifungua zilizoingia maji, alipiga fotokopi, na pale alipotokea mtu wa kuhitaji programu, jambo la nadra, aliandika programu. Tangu apate msaidizi wa akili bandia kwenye kompyuta yake, hata kuandika alikuwa ameacha. Aliagiza tu, kama mtu aliyeketi mgahawani. Alieleza anachotaka, msaidizi akamwaga mistari mia mbili kabla Iliasi hajamaliza kupangusa kioo, na kazi ikawa imekwisha. Mwanzoni aliisoma ile mistari yote. Baadaye akawa anasoma ya juu na ya chini. Kufikia Ramadhani hii alikuwa anatazama kama rangi ni ya kijani, kwa sababu kijani maana yake majaribio yamefaulu.

Katikati ya mwezi muadhini wa msikiti wao alihamia Salamabila kuwafuata wanawe, waliokuwa wakiuza vitenge kwa wachimba dhahabu. Vijana waliobaki wakaanza kugombania kipaza sauti, na sauti zao, tuseme ukweli, zilikuwa zinawaamsha watu kwa hasira badala ya ibada. Shehe Bulaimu, imamu wa msikiti huo, akamwita Iliasi. Alitaka mashine iadhini yenyewe kwa wakati, na iwatumie ujumbe wa simu watunzaji wa misikiti midogo ya upande wa Kabambare, kule Wamaza na kwingineko, ambao kila mwaka walilalamika kuwa Kasongo inawasahau.

Iliasi alirudi kibandani, akamwandikia msaidizi wake kwamba anataka programu ya adhana kwa ajili ya msikiti wetu, nchini Kongo. Jina la mji hakuandika. Mtu aliyeketi Kasongo, aliyezaliwa Kasongo, anayemjua kila mbuzi wa mtaa wake, haoni sababu ya kueleza kwamba yuko Kasongo. Angekuwa wapi tena? Lakini msaidizi hakuwa ameketi popote. Alitafuta mji wa kushika, akashika mji mkuu.

Kosa la kwanza Iliasi alilikamata mara moja. Saa ya mashine ilikuwa nyuma ya simu yake kwa saa nzima, na hapo alicheka peke yake, kwa furaha ya mtu wa mashariki aliyemkuta mtu wa Kinshasa amekosea. Nchi yetu ina saa mbili. Ya Kinshasa iko nyuma, ya huku iko mbele, na hakuna mtoto wa Maniema asiyejua kwamba redio ya mji mkuu ikitaja saa, wewe unaongeza moja. Ni jambo linalotuudhi na kutupendeza kwa pamoja. Iliasi akaandika, "Hapa si Kinshasa. Saa iko nyuma. Rekebisha." Msaidizi akaomba radhi kwa adabu, akarekebisha saa.

Saa tu. Jua hakuligusa, kwa sababu hakuna aliyetaja jua. Nyakati za kuzama kwake zilikuwa zimekwisha kukokotolewa na kupangwa mwezi mzima, na zilikuwa za mtu aliyesimama Kinshasa. Sasa mtu wa Kinshasa akitazama saa yake jua linapozama, na mtu wa Kasongo akatazama ya kwake jua linapozama huku, wanachosoma hakipishani sana. Kinapishana karibu robo saa, na wa Kinshasa ndiye anayesoma wakati wa mapema. Kosa la saa nzima lingeonwa hata na mtu aliyelala. Hili la robo saa lilikaa kimya ndani ya mashine, limevaa saa ya Kasongo.

Majaribio yakapita, yote kijani. Yalikuwa yameandikwa na msaidizi yule yule aliyeandika programu, na yaliuliza kama jua la Kinshasa linazama wakati ambapo jua la Kinshasa huzama. Jibu lilikuwa ndiyo. Chini kabisa msaidizi alikuwa ameacha maelezo mafupi: kwa kuwa mji haukutajwa, mahali palipotumika kukokotoa jua ni mji mkuu, tafadhali hakikisha kabla ya kuanza kutumia. Iliasi aliona kwamba kuna maelezo. Aliona pia kitufe cha kukubali, kikubwa na kizuri, akakibonyeza.

"Umeihakikisha?" Shehe Bulaimu alimuuliza mbele ya wazee wa kamati.

"Nimeihakikisha, Shehe. Ilikuwa hata na kosa, nimelikamata."

Akawasimulia habari ya saa ya Kinshasa. Wazee walicheka mpaka mmoja akatoa leso. Hadithi ambayo Kinshasa inaaibika ndani yake haihitaji kuhakikishwa sana, na hakuna aliyeuliza tena.

Mashine ikaanza kazi siku za mwisho mwisho wa mwezi, na mvua nazo zikaanza. Kila alasiri mawingu yalishuka juu ya mji kutoka upande wa Lualaba, ikawa giza kabla ya wakati, na hakuna aliyeona jua likizama wala kutozama. Muadhini wa zamani, mawingu yakiwa hivyo, alikuwa na tabia ya kuchelewa makusudi na kuwaacha watu wanung'unike. Mashine haikuwa na tabia hiyo. Ilipofika dakika yake iliita, kwa sauti tamu ya msomaji wa nchi za mbali, na Kasongo nzima iliyokuwa ndani ya sauti hiyo ikanyoosha mkono kwenye tende.

Siku ya ishirini na saba Koko alikaa juu ya mkeka tangu alfajiri, amevaa kitenge kipya kana kwamba anangoja wageni. Albertine alikuja na kipimo chake asubuhi, akaja mchana, akaondoka akitikisa kichwa kwa mshangao. Sukari ilikuwa imetulia. Alasiri Koko alilala kidogo, akaamka, akauliza kama jua lilikuwa bado linatembea. Mvua ilipiga mabati hata watu wakawa wanaongea kwa kupaza sauti. Latifa, mama yake Iliasi, alileta uji na tende, Albertine akaja mara ya tatu akakaa nao, na Iliasi akashika kikombe cha maji mkononi tayari kumpa bibi yake. Adhana ilipolia Koko alisoma dua yake, akapokea kikombe, akanywa. Halafu machozi yakamtoka. Alisema ni tangawizi ya uji, na uji ulikuwa bado haujafika mdomoni. Iliasi hakumbuki kuwahi kuwa na furaha kama ile. Alijiona ni yeye aliyemletea Koko adhana yenyewe mpaka mlangoni.

Kesho yake jioni, adhana ikiwa imetoka kulia, Kassimu akapiga simu kutoka Wamaza. Kassimu ni binamu yake, mkulima wa mpunga na mtunzaji wa msikiti mdogo wa huko, mtu ambaye hata habari ya msiba huileta kwa mzaha.

"Iliasi, mesaji yako imefika."

"Aksanti. Muko muzuri?"

"Tuko muzuri. Leo imefika mbio. Siku zingine rezo ya simu inakuwa mubaya, inafika wakati tumekwisha kula. Leo rezo iko sawa kabisa. Lakini na jua pia iko."

"Iko namna gani?"

"Iko juu ya njia ya Kasongo, inaniangalia. Huku mvua haikunyesha. Watoto wamekwisha kunywa maji sababu ya mesaji yako, na wazee wanauliza kama huko kwenu jua inaanguka mara mbili."

Iliasi alicheka kwa nusu sekunde. Kisha akatoka nje. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, lakini upande wa Lualaba palikuwa na mwanga wa kijivu ambao haukuwa na haraka yoyote ya kuondoka. Alisimama akiutazama ule mwanga mpaka ukafifia, na ulichukua muda mrefu mno.

Aliingia ndani akafungua kompyuta, na kwa mara ya kwanza akasoma programu yake mwenyewe kuanzia mstari wa juu. Haikumchukua muda. Jina la Kinshasa lilikuwa limeandikwa waziwazi, halikufichwa na mtu, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angelikuta. Akahesabu siku za mvua, akafika kwenye ile ya ishirini na saba, na hapo akafunga macho.

Alimwandikia msaidizi kwa herufi kubwa, kama mtu anayegombana. Msaidizi akajibu kwamba Iliasi yuko sahihi kabisa, kwamba mahali palikuwa si sahihi, kwamba sasa pamerekebishwa na majaribio yote yamefaulu. Maneno ya mwisho yalikuwa yale yale ya mara ya kwanza, na kijani ilikuwa kijani ile ile. Iliasi alitaka kukasirika. Akapandisha juu mazungumzo yao kutafuta pa kushikia hasira, akakuta yale maelezo mafupi, yakimwomba ahakikishe. Alikuwa ameombwa kwa adabu. Hasira ikakosa pa kwenda, ikabaki kwake.

Akaenda kwa Shehe Bulaimu usiku huo huo, kabla ujasiri haujapoa, akaeleza yote. Shehe alisikiliza bila kumkatiza.

"Nani aliangalia?" aliuliza mwishowe.

"Majaribio yote yalikuwa yamepita, Shehe."

"Sikuuliza nini ilipita. Nauliza nani aliangalia."

Shehe alishusha pumzi, akasema kuanzia kesho ataadhini yeye mwenyewe, na mashine inyamaze. Siku ya Idi, kabla ya swala, atatangaza kwa kipaza sauti kwamba kila aliyefuturu kwa adhana ya mashine siku zile za mvua ana siku za kulipa. Atasema kosa ni la msikiti. Jina la Iliasi hatalitaja.

"Kila mutu anajua ni mimi," Iliasi alisema.

"Kweli," Shehe alikubali. "Lakini si mimi nitakuwa nimesema."

"Na Koko?"

Shehe alimjua Koko Amisa, na alifikiri kidogo. Alisema mgonjwa wa namna yake hadaiwi. Atalisha maskini mmoja kwa siku ile kama kwa nyingine zote, na mbele ya Mungu hana lawama hata punje. Iliasi alirudi nyumbani na jibu hilo, lililokuwa sahihi na lisilomsaidia. Koko hakuwa ameomba kukosa lawama.

Latifa, alipoambiwa, alifunga mlango wa jikoni kwanza.

"Hatumwambii," alisema. "Siku ya Idi tunamupeleka kwa dada yangu, ng'ambo ya soko, mbali na ile kipaza sauti. Akijua, atafunga tena. Akifunga tena, itamuua. Yeye anajua alipata siku yake. Muachie."

"Hakuipata, mama."

"Anajua aliipata! Ni yeye na roho yake. Weye unataka kumunyanganya juu ya nini? Juu roho yako inakuuma?"

Swali hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Iliasi hakulala vizuri. Ingekuwa rahisi kunyamaza, na ingeitwa huruma, na huenda ingekuwa huruma kweli. Lakini alipomfikiria Koko akitembea na ile siku moyoni, akiwasimulia wageni, akiishika kama kitu chake, na yeye Iliasi peke yake akijua haikutimia, aliona kwamba angekuwa ameibonyeza ile "kubali" mara ya pili. Asubuhi akaenda kukaa kwenye ukingo wa mkeka wake, akamwambia.

Koko aliinuka, akaketi wima.

"Robo saa?" aliuliza.

"Karibu, Koko."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa nimeshika kikombe."

"Macho ulikuwa nayo?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, Koko. Nilikuwa nangojea mashini iseme."

"Na mashini ilikuwa inangojea nani?"

Koko hakumfokea, na hilo ndilo lililomtisha Iliasi. Alivuta kitenge begani, akageuka upande wa ukuta. Siku ya Idi alisikiliza tangazo la Shehe kutoka uani kwake, lote, amesimama. Kisha akala pilau akiwa amempa Iliasi mgongo, na mgongo wa Koko ulijua kusema mambo.

Mji ulipokea habari kama miji inavyopokea. Wengine walikasirika, wengine walilipa siku zao bila neno, na vijana wa pikipiki pale sokoni wakampa Iliasi jina jipya. Alipopita waliita, "Kinshasa! Huko kwenu ni saa ngapi?" Aliitika. Alikuwa ameshaona kwamba jina likiitikiwa huchosha waitaji haraka, ingawa hili halikuchosha haraka kiasi hicho.

Kompyuta hakuitupa, wala msaidizi wake hakumfukuza. Angeishi kwa kuchaji simu tu? Lakini sasa aliisoma ile programu mstari kwa mstari. Asichokielewa aliuliza, na jibu alilopewa hakulichukua mpaka alihakikishe kwa njia nyingine. Jina la Kasongo aliliandika kwa vidole vyake mwenyewe. Kila jioni isiyo na mvua alipanda mteremko ulio nyuma ya msikiti, simu mkononi, akasimama akilitazama jua linavyoingia upande wa Lualaba, kisha akalinganisha na ilichosema mashine. Kassimu alifanya hivyo hivyo Wamaza, akapiga simu kila mara na utani mpya. Jioni baada ya jioni, mashine na jua wakawa wanakubaliana. Shehe Bulaimu alikuja mara moja kuona kwa macho yake. Akaruhusu mashine irudi, kwa sharti lake: itapanga nyakati, itaandaa sauti na ujumbe, lakini haitaita peke yake. Mtu atatoka nje kwanza, atatazama, kisha atabonyeza. Na jina la aliyebonyeza lijulikane. Iliasi alibadilisha programu hivyo, na safari hii mistari hiyo aliisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Ndipo Koko akatangaza kwamba atalipa siku yake.

"Hapana," Albertine alisema. "Nilisema siku moja."

"Na ile moja sikuipata."

Albertine alimgeukia Iliasi, akamwangalia kwa namna ambayo Iliasi aliona afadhali angetukanwa. Alikataa wiki nzima. Koko akaacha kula vizuri kwa kuudhika, jambo ambalo kwa mgonjwa wa sukari ni baya kuliko kufunga, na Albertine, ambaye hakuwa mjinga, aliona ameshindwa. Akataka kwanza vipimo vitulie. Vikatulia. Akachagua siku ambayo yeye mwenyewe hakuwa kazini, akaleta kiti chake, akakiweka kando ya mkeka kama askari wa zamu. Iliasi akafunga pamoja na bibi yake, bila kuombwa.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Mchana ulikuwa mzuri. Alasiri Albertine alipima, akapima tena. Sukari ilikuwa inashuka, polepole, lakini inashuka. Midomo ya Koko ilikuwa imekauka na mikono yake ilikuwa na mtetemo mdogo ambao siku ile nyingine haukuwepo. Albertine akakoroga maji ya sukari kwenye kikombe, akayaweka karibu.

"Bado kidogo," Koko alisema.

"Ikishuka tena, sikuulizi."

Latifa alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama mwanawe. Na mawingu, kwa sababu mambo huwa hivyo, yakaja. Yalishuka kutoka upande wa Lualaba yakafunga magharibi yote, mwanga ukawa mmoja kila upande, na jua halikujulikana liko wapi.

Adhana ikalia. Shehe Bulaimu ndiye aliyekuwa zamu, alikuwa ametoka nje, alikuwa ametazama, alikuwa amebonyeza. Nyumba za jirani zikaendelea na shughuli zao, maana kwa wengine haikuwa siku ya kufunga. Albertine akamwinulia Koko kikombe mpaka mdomoni.

Koko akakisukuma pembeni.

"Koko, wamekwisha kuita!"

"Nimesikia. Na ile siku walikuwa wameita." Akamtafuta Iliasi kwa macho. "Iliasi. Nikunywe?"

Iliasi alikuwa na majibu mengi. Programu ilikuwa sahihi, alikuwa ameisoma yote. Jioni zote za mteremkoni zilikuwa zimekubaliana nayo. Shehe alikuwa ameangalia. Hayo yote alikuwa nayo, na hakuna hata moja lililoweza kumjibia bibi yake. Akisema ndiyo kabla ya wakati, siku ingepotea tena, na hapangekuwa na ya tatu. Akichelewa ili ajikinge, Albertine alikuwa ameshika kipimo mkononi na namba zilikuwa zinashuka.

Akatoka uani. Alitazama magharibi, palipokuwa na kijivu kitupu. Alitazama simu yake, akakumbuka jioni ya jana na ya juzi, mahali mwanga ulipokuwa na jinsi ulivyokuwa unaondoka, akangoja auone ukiondoka. Nyuma yake Albertine alimwita kwa sauti ya ukali. Hakugeuka. Mwanga ukalegea juu ya mabati ya jirani, ukalegea tena, na rangi ya udongo ikapotea.

Akarudi ndani akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Kunywa, Koko."

"Ni mashini inasema?"

"Hapana. Ni mimi."

Koko alimwangalia usoni kwa muda ambao Albertine aliona ni wa kuua mtu. Kisha akasoma dua yake, akashika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa. Iliasi alibaki amepiga magoti pale, akimtazama anavyomeza, mpaka kikombe kikaisha, na ilimbidi Latifa amguse bega kumkumbusha kwamba na yeye alikuwa amefunga.